Yai la Kienyeji, Yai la Kisasa: Tunalipia Nini?

Mjini Morogoro, kuanzia Soko Kuu la Chifu Kingalu hadi magenge ya mitaani, yai dogo la kienyeji huuzwa ghali kuliko yai kubwa la kisasa. Mnunuzi hutoa sababu mbili: lina ladha, na lina lishe zaidi. Sababu ya kwanza ina ukweli mwingi. Ya pili yafaa tuichambue kwa makini, maana katika kaya yenye kipato kidogo ndiyo huamua kama mtoto atakula yai au atalikosa.

Bei yenyewe inatokana na uchache. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, kisha huatamia na kulea vifaranga. Kwa mwaka hutoa mayai 40 hadi 60 hivi. Kuku wa kisasa wa mayai, aliyefugwa vizuri, hupita 280.

Ladha inatoka kwenye kiini. Yai la kienyeji lina uzito wa gramu 40 hivi na ute wake ni mchache, kwa hiyo kiini huchukua sehemu kubwa zaidi ya yai. Karibu mafuta yote ya yai yamo humo, na mafuta ndiyo yanayobeba ladha. Kuku anayezurura Mgeta au Matombo, kwenye miteremko ya Uluguru, hudonoa majani, wadudu na punje za nafaka. Wa bandani hula mahindi, pumba, mashudu ya alizeti na dagaa. Dagaa wakizidi, au wakiwa wameoza, yai hunuka shombo.

Rangi ndiyo inayotuchanganya. Unjano wa kiini hutokana na karotenoidi zilizomo kwenye majani mabichi na mahindi ya njano. Sisi tunalima na kulisha kuku mahindi meupe, ambayo karibu hayana rangi hiyo. Ndiyo maana kiini cha yai la kisasa hapa kwetu hupauka. Karotenoidi zilizo nyingi zaidi kwenye kiini, luteini na zeaksanthini, zinafaa kwa macho lakini mwili hauzigeuzi kuwa vitamini A. Kuku wa bandani hupata vitamini A kwenye mchanganyiko wa madini na vitamini anaolishwa, kwa hiyo kiini kilichopauka kinaweza kuwa nayo ya kutosha kabisa. Kuku wa kuzurura humzidi mwenzake hasa kwa vitamini D, kwa sababu ya jua, na kwa mafuta ya omega-3, kwa sababu ya majani. Mfugaji wa mjini naye anaweza kuboresha mayai yake kwa kuwapa kuku mchicha na matembele.

Kwa protini, mayai hayatofautiani sana. Ukipima gramu 100 bila ganda, yawe ya kienyeji, ya kisasa, ya bata au ya kware, utapata gramu 12 hadi 13 hivi. Yai moja kubwa la kisasa hutoa gramu 6 au zaidi kidogo, na dogo la kienyeji hutoa 4 hivi. Kwa kila shilingi, la kisasa linashinda.

Yai la bata lina mafuta mengi zaidi, na vitamini B12 mara kadhaa kuliko la kuku, lakini kolesteroli yake kwa uzito uleule ni zaidi ya mara mbili. La kware lina madini ya chuma mara mbili, ila uzito wake ni gramu 10 hivi, hivyo yanahitajika matano au sita kulingana na moja la kuku. Mwaka 2013 na 2014 Kenya ilikumbwa na wimbi la kufuga kware, na mayai yao yakasifiwa kuwa tiba ya maradhi mengi. Ni chakula kizuri, si dawa.

Ubichi wa yai una uzito kuliko jina lake. Yai la kienyeji mara nyingi limerutubishwa na jogoo. Likikaa kwenye joto la Morogoro mjini, kiinitete huanza kukua na yai huharibika upesi kuliko lisilorutubishwa. Litumbukize kwenye maji: likizama na kulala, ni bichi, likielea, liache. Kisha lipike liive. Protini ya yai lililopikwa humeng'enywa vizuri kuliko ya bichi, na moto huua vijidudu vya salmonela.

Wako bado wanaomkataza mjamzito kula mayai, wakidai mtoto atazaliwa bila nywele. Si kweli. Yai humpa kolini, kirutubisho kinachojenga ubongo wa mtoto tumboni. Anayependa ladha na ana uwezo, anunue la kienyeji. Mwenye fedha kidogo na watoto wa kulisha, anunue ya kisasa mengi zaidi kwa fedha ileile, bila kudhani amewapunja.