Wananchi na Wenyenchi: Kiburi cha Madaraka na Msamiati wa Ufisadi nchini Kenya

Ikisiri

Makala haya yanafafanua maneno ya Kiswahili yanayotumika nchini Kenya kutaja ufisadi na kiburi cha watawala, na kuyalinganisha na matumizi ya Tanzania. Mifano inatokana na majina ya taasisi, matukio ya kisiasa yanayofahamika, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 na tamthilia mbili za Kikenya. Hoja kuu ni kwamba msamiati huo unakitanguliza kiburi mbele ya wizi: mtawala akishajiona mwenye nchi, kuchukua mali ya umma hakuonekani tena machoni pake kuwa kosa.

Utangulizi

Kiswahili huvuka mpaka wa Namanga kila siku, lakini maneno yake hayavuki yakiwa na uzito uleule. Msomaji aliye Mzinga, chini ya Milima ya Uluguru mjini Morogoro, akilisoma gazeti la Taifa Leo la Nairobi atakutana na ufisadi, mlungula na wenyenchi. Maneno hayo si mageni kwake kwa umbo. Hata hivyo, akiyapima kwa mizani ya nyumbani anaweza kuikosa hoja ya mwandishi.

Majina ya taasisi yanaithibitisha tofauti hiyo. Chombo cha Tanzania ni Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU), jina lililoanza kutumika mwaka 2007. Chombo cha Kenya, kilichoundwa mwaka 2011, ni Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Nchini Kenya, neno ufisadi linabeba yote, kuanzia fedha anayopewa askari wa barabarani hadi mabilioni yanayotoweka Hazina. Nchini Tanzania, neno hilo lilishika kasi katika siasa baada ya mkutano wa hadhara wa Mwembeyanga, Dar es Salaam, tarehe 15 Septemba 2007, ambapo upinzani ulisoma orodha ya watuhumiwa wa uporaji wa mali ya umma. Tangu hapo, kwa Watanzania wengi, rushwa ndilo jina la jumla, na ufisadi ni wizi wa wakubwa.

Asili ya maneno

Fisadi limetokana na Kiarabu, lenye mzizi unaohusu uharibifu. Katika Kiswahili cha awali, fisadi alikuwa mtu mwovu wa tabia, hasa mwasherati na mharibifu wa nyumba za watu. Siasa imelipanua neno hilo kutoka nyumba ya mtu mmoja hadi nyumba ya taifa. Hukumu ya kimaadili iliyokuwamo haikupotea, na ndiyo maana kumwita kiongozi fisadi kunauma kuliko kusema amekiuka taratibu za manunuzi.

Hongo lina historia nyingine. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita chini ya Uluguru na kuingia Ugogo, ililipa hongo kwa watawala wa njiani ili ipewe ruhusa ya kupita na kupata maji. Malipo hayo yalifanywa hadharani, na kila mkuu wa msafara aliyatarajia. Baadaye neno hilo likawa jina la malipo ya siri. Kilichobaki katika maana zote mbili ni taswira ya mtu aliyesimama njiani, ambaye bila idhini yake msafiri hapiti. Ofisa anayeficha jalada la mwananchi hadi apewe chochote ameigeuza ofisi ya umma kuwa njia yake binafsi.

Udogo wa jina na ukubwa wa tendo

Katika ngazi ya chini, lugha ya Kenya hupunguza. Malipo haramu huitwa chai au kitu kidogo, majina yanayolipa tendo sura ya ukarimu. Mwaka 2001 mwanamuziki Eric Wainaina aliigeuza tafsida hiyo kuwa shutuma katika wimbo wake Nchi ya Kitu Kidogo: kile ambacho kila mtu alikiona kidogo kwake kikawa sifa ya nchi nzima. Tanzania nayo ilikuwa na takrima, neno la heshima linalohusu kumkirimu mgeni, ambalo sheria ya uchaguzi ililikubali mwaka 2000 hadi Mahakama Kuu ilipobatilisha vifungu hivyo mwaka 2006.

Katika ngazi ya juu, sitiari inayotawala ni ya kula. Madaraka ni chakula, na uchaguzi ni zamu ya kuketi mezani. Mwandishi Michela Wrong aliichukua sitiari hiyo kuwa msingi wa jina la kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu John Githongo, Katibu Mkuu wa maadili aliyejiuzulu mwaka 2005 kutokana na kashfa ya Anglo Leasing. Mwaka 2004, Balozi wa Uingereza, Edward Clay, aliisukuma taswira hiyo hadi mwisho wake aliposema kwamba ulafi wa wakubwa ulikuwa umefika mahali pa kuwatapikia wafadhili viatuni. Viongozi kadhaa walikasirishwa na matusi ya mgeni, na mjadala wa adabu ukachukua nafasi ya mjadala wa fedha. Hapo kiburi kinajitokeza waziwazi: jina la kosa linaumiza kuliko kosa lenyewe.

Kashfa zenyewe, kwa upande wake, zimebaki na majina ya kigeni. Goldenberg ilikuwa kampuni iliyolipwa fidia ya serikali mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa madai ya kuuza dhahabu na almasi nje, ilhali Kenya haikuwa na madini hayo kwa kiwango kilichodaiwa. Mfanyakazi wa Benki Kuu, David Munyakei, ndiye aliyefichua nyaraka hizo, na akapoteza kazi. Tume ya Jaji Samuel Bosire ilichunguza suala hilo kuanzia mwaka 2003. Chai inaeleweka na kila mtu. Jina kama Goldenberg halimwelezi mkulima kilichotendeka. Kwa hiyo, kadiri wizi unavyokuwa mkubwa, ndivyo jina lake linavyozidi kujitenga na lugha ya walioibiwa.

Mwana na mwenye

Neno linaloeleza uhusiano huu kwa ukamilifu zaidi ni wenyenchi. Mwananchi ni mwana wa nchi, aliyezaliwa nayo na mwenye haki ya kulelewa nayo. Mwenyenchi anaundwa kwa mwenye, mofu ya umiliki iliyomo pia katika mwenye nyumba na mwenye duka. Wakenya wanaposema kwamba nchi yao ina wananchi na wenyenchi, wanaeleza kwa silabi chache kwamba raia amekuwa mpangaji katika nyumba aliyozaliwa. Mwenye nyumba hamwibii mpangaji, anadai kodi. Kwa mantiki hiyo, mtawala anayejiona mwenyenchi hahitaji hata kujificha.

Kiburi hicho kina historia. Mwaka 1968, Abdilatif Abdalla alitoa kijitabu Kenya: Twendapi? akiikosoa serikali ya KANU kwa kuukandamiza upinzani, akafungwa hadi mwaka 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1984, Rais Daniel arap Moi aliwataka mawaziri wake waimbe kama kasuku wimbo anaouimba yeye. Kasuku hutoa sauti bila wazo. Utawala unaotaka sauti za namna hiyo umejinyima mtu wa kuuambia kwamba hazina inavuja.

Ushahidi wa tamthilia

Katika Kifo Kisimani (2001) ya Kithaka wa Mberia, Mtemi Bokono anaitawala Butangi kwa mkono wa chuma, na Mwelusi, anayedai haki za watu, anafungwa na hatimaye kuuawa. Katika Kigogo ya Pauline Kea, Majoka anaitawala Sagamoyo kana kwamba ni shamba lake. Jina lake limebandikwa kwenye kampuni na shule, na soko la Chapakazi, ambalo ni riziki ya wengi, analifunga ili ajenge hoteli. Ni vigumu kumwonyesha msomaji ukurasa mmoja ambapo Majoka anaanza kuiba, kwa sababu hakuna mpaka unaotenganisha mali yake na ya umma. Mwandishi anauanzisha uovu mahali pake halisi, yaani katika fikra ya umiliki. Mwishoni umma unamwacha Majoka na kusimama na Tunu, na ukuu wake unabaki bila watu wa kuushuhudia.

Katiba na barabara

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inajaribu kuusahihisha uhusiano huo kwa lugha ya sheria. Sura ya sita, inayohusu uongozi na uadilifu, inasema katika kifungu cha 73 kwamba mamlaka ya ofisa wa serikali ni amana ya umma, na kwamba yanampa wajibu wa kuwatumikia watu, si uwezo wa kuwatawala. Amana ni dhana ambayo Waswahili wanaifahamu vizuri: mtunzaji hawi mwenye kitu, na siku ya kukirejesha hufika.

Mwezi Juni 2024, vijana waliopinga Muswada wa Fedha waliidai amana hiyo barabarani. Tarehe 25 waandamanaji waliingia bungeni, na watu kadhaa waliuawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hangeutia saini muswada huo, na tarehe 11 Julai akalivunja karibu baraza lake lote la mawaziri. Jina walilompa Rais lilikuwa Zakayo, mtoza ushuru wa Injili ya Luka, na mwito wao ulimtaka ashuke. Jina hilo ni kali, lakini limebeba mlango wa toba, kwa kuwa Zakayo wa Biblia alishuka kutoka mkuyuni, akaahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne.

Hitimisho

Uchambuzi huu unaonyesha kwamba maneno ya Wakenya kuhusu ufisadi yamepangika kwa ngazi: chai hupunguza, kula huhalalisha, majina ya kigeni huficha, na wenyenchi hufichua. Kwa mwalimu na mfasiri wa Tanzania, kubadilisha ufisadi kuwa rushwa au wenyenchi kuwa viongozi ni kuipoteza hoja. Kwa msomaji wa kawaida somo ni la karibu zaidi. Watanzania nao husema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na mara nyingi humtazama mbuzi peke yake. Kamba ina aliyeifunga, na urefu wake hupimwa upya kila mara wananchi wanapokubali kuitwa wapangaji.