Kompyuta Inapojizima: Je, Ni Draiva au Ni Kifaa?

Wiki ya mwisho ya Juni, saiba za Kayole, Umoja na Dandora hujaa watu wanaowasilisha ritani za kodi kwenye iTax kabla ya tarehe 30. Kwa mtu binafsi, kuchelewa huleta faini inayoanzia Sh2,000. Kompyuta ikijizima wakati huo, mwenye saiba hupoteza wateja na mteja huanza foleni upya. Lakini hasara kubwa zaidi huweza kuja kesho yake, pale mwenye mashine anapolipia bodi kuu mpya ilhali tatizo lilikuwa vumbi kwenye feni, au programu ndogo iliyosasishwa usiku uliotangulia.

Sababu za kompyuta kuanguka ghafla ni nyingi, ila nyingi kati yazo huangukia mafungu mawili: draiva, au vifaa vyenyewe. Tatizo la draiva mara nyingi hutatuliwa bila kununua chochote. Tatizo la kifaa huhitaji pesa. Ndiyo maana inafaa kujua ni lipi kabla mkono haujaingia mfukoni.

Draiva ni nini?

Printa, kadi ya picha na kifaa cha Wi-Fi havizungumzi lugha moja na Windows. Draiva ni programu ndogo inayofanya kazi ya mkalimani kati yao. Programu ya kuandika barua ikikosea, hufungwa peke yake na kazi nyingine huendelea. Draiva nyingi, hata hivyo, hufanya kazi ndani kabisa ya mfumo. Huko kosa likitokea, Windows husimamisha mashine nzima ili data isiharibike. Hapo ndipo skrini ya bluu hutokea, ambayo katika matoleo ya karibuni ya Windows 11 ni nyeusi.

Dunia nzima ilishuhudia jambo hili tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya Marekani ya CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro kwa programu yake ya usalama. Draiva ya programu hiyo iliposoma faili lililotumwa, kompyuta zilianguka, zikawaka, zikaanguka tena. Microsoft ilikadiria kuwa mashine milioni 8.5 ziliathirika. Safari za ndege zilifutwa, na hospitali na benki katika nchi mbalimbali zikakwama. Hakuna kifaa kilichokuwa kimeungua. Mafundi waliziwasha mashine katika hali salama, wakafuta faili hilo, nazo zikaamka. Aliyenunua vipuri siku hiyo angekuwa ametupa pesa.

Kwanza, okoa kazi

Mashine inayoanguka mara kwa mara inaweza kuanguka mara moja ikakataa kuamka. Ikiwa bado inawaka, jambo la kwanza ni kunakili faili muhimu kwenye flashi au diski ya nje: hesabu za duka, picha, barua za kazi, vyeti vilivyoskaniwa. Majaribio yafuate baadaye.

Nini kimebadilika?

Swali hili hufumbua matatizo mengi. Je, printa mpya imeunganishwa? Windows imesasishwa? Ramu imeongezwa? Stima ilipotea na kurudi kwa nguvu? Ikiwa mashine ilikuwa salama Jumatatu, printa ikawekwa Jumanne, na ikaanza kuanguka Jumatano, mshukiwa wa kwanza ni draiva ya printa.

Asiyekumbuka anaweza kuiuliza mashine yenyewe. Kwenye Windows, kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha kuandika *perfmon /rel*, hufungua kalenda inayoonyesha siku ambazo mashine ilianguka na programu zilizowekwa au kusasishwa siku hizo.

Skrini ya kuanguka nayo hubeba ujumbe. Ni vizuri kuipiga picha kwa simu kabla haijatoweka. Jina la faili linaloishia kwa *.sys*, au ujumbe unaoanza na neno *DRIVER*, huelekeza kwenye draiva. *WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR* huelekeza zaidi kwenye kifaa. *MEMORY_MANAGEMENT* huhusu ramu mara nyingi, ingawa draiva mbovu pia huweza kuuleta. Ujumbe huo ni dalili; hukumu hutolewa baada ya vipimo.

Mashine inayozima kabisa bila ujumbe wowote, kama iliyochomolewa, kwa kawaida ina shida ya umeme au joto.

Jaribio la hali salama

Katika hali salama, Windows huwaka na draiva chache tu za lazima. Ili kuingia, mtumiaji hushikilia kitufe cha *Shift* huku akibofya *Restart*, kisha huchagua *Troubleshoot*, *Advanced options*, *Startup Settings* na *Restart*. Orodha ikitokea, hubonyeza namba 4. Baadhi ya mashine huomba ufunguo wa BitLocker katika hatua hii, kwa hivyo ni busara kuuhifadhi mapema mahali tofauti na kompyuta hiyo.

Mashine ikitulia katika hali salama kwa saa kadhaa ilhali kwa kawaida huanguka kila nusu saa, lawama huelekea kwa draiva au programu. Ikiendelea kuanguka hata hapo, lawama huelekea kwa kifaa.

Ikiwa ni draiva

Katika *Device Manager*, mtumiaji hufungua kifaa kinachoshukiwa na kuchagua *Roll Back Driver* ili kurudisha draiva ya awali. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, draiva inaweza kuondolewa na kuwekwa nyingine kutoka kwa Windows Update au tovuti ya kampuni iliyounda kompyuta. Tovuti zinazoahidi kurekebisha draiva zote bure ziepukwe, kwani baadhi huleta virusi.

Wenye kompyuta za mitumba wana sababu ya ziada ya kuwa makini. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na baadhi ya wauzaji huweka Windows 11 kwenye mashine kuukuu zisizotimiza masharti yake. Mashine ya aina hiyo inaweza kukosa draiva zinazoifaa. Mnunuzi aulize mapema, na aione ikifanya kazi kabla ya kulipa.

Ikiwa ni kifaa

Vipimo vianze na visivyogharimu pesa.

*Joto na vumbi.* Duka lililo kando ya barabara yenye vumbi huziba feni haraka. Mashine inayozima ikiwa na kazi nyingi, kisha kuwaka vizuri ikipoa, inahitaji kusafishwa. Ikiendelea, fundi abadilishe dawa ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa.

*Umeme.* Kompyuta ichomekwe moja kwa moja ukutani badala ya ekstensheni iliyojaa. Kwa saiba, kifaa cha UPS hulinda mashine stima inapopotea ghafla.

*Ramu.* Amri ya *mdsched.exe* huipima. Zikiwa mbili, mashine ijaribiwe na moja baada ya nyingine. Wakati mwingine kuitoa, kusafisha sehemu ya kugusana na kuirudisha vizuri hutosha.

*Diski.* Ikitoa mlio wa kugonga, au faili zikianza kupotea, isiendelee kutumiwa. Data iokolewe kwanza.

Kabla ya kufungua kompyuta, iondolewe kwenye umeme. Kisanduku chake cha pawa kisifunguliwe na asiye fundi, kwa sababu huweza kubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.

Kwa fundi

Mwenye mashine amweleze fundi ilipoanza kuanguka, amwonyeshe picha ya skrini na kumtajia majaribio aliyokwisha kufanya. Fundi akisema kifaa kimekufa, ni haki ya mteja kuomba aonyeshwe mashine ikifanya kazi na kipuri kingine kabla ya kununua kipya, na kurudishiwa cha zamani. Mwenye saiba akumbuke pia kwamba diski yake hubeba nakala za vitambulisho na PIN za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka azilinde, hivyo asiiache diski hiyo kiholela.

Vifaa vilivyokufa kabisa havifai kuchomwa wala kutupwa na taka za nyumbani, kwa kuwa vina madini ya sumu kama risasi. Kituo cha WEEE Centre, Utawala, hupokea taka za kielektroniki.

Na ikiwa mashine imekataa kabisa huku siku ya mwisho ikikaribia, mkazi asisubiri fundi amalize. Huduma Centre za Makadara na Eastleigh ziko karibu, na ritani inaweza kuwasilishwa kwenye kompyuta yoyote nyingine yenye intaneti.