Jalada Lenye Jina na Sitara

Katika nyumba nyingi za watu wetu, iwe Mji wa Kale wa Mombasa, Lamu au huku bara, hapakosi sanduku la kaseti za video na diski za DVD. Humo mna arusi, mna sherehe za watoto waliohitimu Qur'ani, mna maulidi, mna siku mahujaji waliporejea na kulakiwa na jamaa. Sanduku hilo ni maktaba kamili, ila vitabu vyake havina majina. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mali hii huwa ya mwanzo kupotea, kwa kuwa kaseti nyeusi haitofautiani na kaseti nyeusi iliyo kando yake.

Sisi tuandikao haya tuko Rongai. Si Ongata Rongai iliyo jirani na Nairobi, bali Rongai ya Nakuru, iliyo kwenye njia ya reli iendayo Eldoret. Kutoka hapa hadi bahari ya Mombasa ni zaidi ya kilomita 600. Watoto waliozaliwa huku wayajua mahindi na mkonge kuliko mikoko na madau. Sauti ya bibi aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, vigelegele vya uani, mashairi ya vugo na namna ami zao walivyovaa kilemba siku ya nikaha, yote hayo kwao yamo ndani ya kaseti tu. Kaseti ikikosa jina ikatupwa, kilichotupwa si plastiki bali ni sehemu ya ukoo.

Juma hili twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya kazi ambayo familia yaweza kuifanya pamoja wakati wa likizo ya shule, nayo ni kuzitengenezea filamu za nyumbani majalada yake. Kazi yenyewe ni ya mkasi, karatasi na kompyuta, lakini ndani yake mna amana mbili. Ya kwanza ni jina, ili kumbukumbu isipotee. Ya pili ni sitara, ili heshima ya waliomo isivunjike.

Wakati haungoji

Kaseti za VHS zilianza kuuzwa huko Japani mwaka 1976. Kampuni ya Funai, ambayo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kutengeneza mashine za kuzichezea, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Mashine zilizobaki ni zile zilizomo majumbani na kwa mafundi, na kila mwaka hupungua. Unyevu wa pwani huotesha ukungu juu ya utepe, na vumbi la huku kwetu huingia katika kila upenyo. Tena kuna hatari iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni mkono wa mwenye nyumba mwenyewe. Si nyumba moja ambayo arusi ilifutwa kwa kurekodiwa mpira juu yake, kwa sababu tu kaseti haikuwa na maandishi. Basi kabla ya kufikiria jalada, vunjeni kile kijimeno kidogo cha plastiki kilicho ubavuni mwa kaseti. Kikishavunjika, mashine hukataa kurekodi juu yake. Kisha isimamisheni kaseti kama kitabu, msiilaze.

Maneno kabla ya pambo

Jalada haliwezi kusema ambalo watu wa nyumba hawalijui. Kwa hiyo kazi huanza kwa kutazama. Waketisheni wazee mbele ya runinga, mtoto mmoja ashike daftari, na kila uso uulizwe: huyu ni nani, mwana wa nani, na hapa ni wapi? Asiyeweza kufika aulizwe kwa simu. Jioni moja ya namna hiyo huzaa habari nyingi kuliko picha mia, na mara nyingi watoto husikia kwa mara ya kwanza kisa cha jamaa waliyemjua kwa jina tu.

Katika kuandika, jihadharini na majina ya udugu. “Arusi ya Shangazi” ni maneno matamu leo, lakini baada ya miaka thelathini msomaji atauliza, shangazi wa nani? Shangazi wa baba ni bibi kwa mtoto, na mama wa mmoja ni khalati wa mwingine. Andikeni jina la mtu, la baba yake na la babu yake, kwa bin na binti kama ilivyo desturi yetu. Kisha tajeni mtaa na mji, na jina la aliyerekodi kama lajulikana.

Tarehe nayo ina mlango wake wa makosa. Siku ya Hijria huanza magharibi jua linapotua, na wazee wetu wakisema usiku wa Jumamosi hukusudia usiku ule unaotangulia mchana wa Jumamosi, ambao kalenda ya ukutani huuita bado Ijumaa. Kwa hiyo kesha lililofanywa baada ya Magharibi siku ya Ijumaa lina tarehe mbili zisizoanza pamoja. Andikeni zote mbili, ya Hijria na ya Miladia, na mueleze kama ni mchana au usiku.

Pambo kutoka kwa leso

Wengi wakifikiria jalada hufikiria zile filamu za dukani, uso mkubwa mbele na maandishi ya moto. Sisi tuna mwalimu aliye karibu zaidi, naye ni leso. Leso ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, na ina jina, yaani usemi ulioandikwa chini ya mji. Wasomaji wa Mombasa wataikumbuka alama ya “Mali ya Abdulla” iliyo kwenye leso za kabatini mwa mama zao. Jalada nalo lipangwe hivyo hivyo: pindo la mapambo pembeni, mji wenye alama moja kubwa, na jina la tukio chini yake.

Pambo la pindo si lazima litoke mbali. Pigeni picha ya nakshi ya mlango wa zamani, ya mkeka wa ukindu, ya kofia ya kazi ya mkono au ya leso yenyewe aliyoivaa bibi arusi. Tukitaka kurudi nyuma zaidi, waandishi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, waliinakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa rangi nyeusi, nyekundu na manjano, wala hawakuhitaji sura ya kiumbe hata mmoja ili kurasa zao zipendeze. Rangi tatu zatosha. Na kwa kuwa majalada yatapangwa rafuni yakionyesha mgongo tu, ipeni kila aina rangi yake: kijani kwa maulidi na Hija, nyekundu kwa arusi, manjano kwa watoto na skuli.

Sitara

Hapa ndipo penye uzito. Katika arusi zetu, kesha la wanawake na siku ya kupamba hurekodiwa na mwanamke, mbele ya wanawake, kwa kuaminiana kwamba kilichomo hakitatoka. Lakini diski isiyo na maelezo haijui amana hiyo. Mgeni huiazima, kijana huiweka mashinani akidhani ni ya nikaha, na mama wa watu huonekana na wasiomhusu. Jalada ndiyo pazia ya mlango huo. Liandikwe wazi mbele na mgongoni, YA WANAWAKE PEKE YAO, wala lisiwekwe juu yake uso wa bibi arusi wala wa mgeni yeyote. Picha ya mkono uliopakwa hina ni ya mwili pia; heri mkufu, asumini kwenye sinia, au chetezo. Katika suala la picha za viumbe wanavyuoni wamekhitalifiana, na jalada la nakshi na maandishi hukaa vyema katika nyumba za wote.

Sitara hii ianze mapema, wakati wa kuihamishia kaseti kwenye diski. Mtafuteni fundi mwanamke. Asipopatikana, mtu wa nyumbani aisimamie kazi mpaka mwisho, na asibakishe nakala nyuma. Na mnapotumia tovuti za kuchorea majalada, msipandishe humo picha za jamaa. Programu za bure kama Inkscape na LibreOffice hufanya kazi ndani ya kompyuta yenu pasipo kutuma kitu nje.

Vipimo na uchapaji

Karatasi ya kasha la kawaida la DVD ni milimita 273 kwa 183. Mgongo huchukua milimita 14, na kila upande hubakiwa na 129.5. Makasha membamba yana mgongo wa milimita 7, kwa hiyo pimeni la kwenu kwa rula kwanza. Vipimo hivi huingia katika karatasi moja ya A4 iliyolazwa. Picha iwe na nukta 300 kwa inchi, ambayo ni kama nukta 3,224 kwa 2,161; iliyo chini ya hapo huwa na ukungu ikichapwa.

Mkienda saiba kupigisha chapa, mwambieni mhudumu achape kwa asilimia 100, asiruhusu mashine kuipunguza picha ili ienee. Wino wa maji huchuruzika ukiguswa na unyevu. Kwa nyumba za pwani wino wa unga ni bora. Na msibandike karatasi ya gundi juu ya diski yenyewe, kwani huiyumbisha inapozunguka. Iandikeni kwa kalamu laini ya wino wa maji, upande wa juu.

Walio na filamu ndani ya kompyuta hawakusamehewa kazi hii. Programu za maktaba kama Jellyfin na Kodi, zisipopewa picha, zaweza kuchukua kipande cha filamu yenyewe na kukionyesha runingani mbele ya wageni, na kipande hicho chaweza kuwa uso usiopaswa kuonekana. Tengenezeni jalada la kusimama, nukta 1,000 kwa 1,500, lipeni jina poster.jpg, na mliweke katika folda ya filamu ile. Za wanawake ziwe na folda yao, tena mbali na runinga ya sebuleni.

Kazi ikiisha, nakala moja ya daftari la majina ikae na sanduku, na nyingine ipelekwe kwa jamaa walio pwani. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, ambao sauti zao zimo katika kaseti hizi, na atujaalie sisi tuliobaki kuwa wenye kutunza amana. Amin.