"Ejo" ni jana au kesho? Sikiliza kitenzi

NENO moja dogo la Kirundi linawagombanisha watu sokoni hapa Bujumbura. Neno hilo ni "ejo". Kwa sisi tuliozoea Kiswahili, jana ni jana na kesho ni kesho. Kirundi kina "ejo" kwa siku zote mbili.

Jambo hili huwatatiza hasa ndugu zetu waliorejea kutoka Tanzania. Familia nyingi zilizokimbia mwaka 1972 ziliishi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na watoto waliozaliwa huko walikua wakisema Kiswahili. Wachuuzi wanaovuka mpaka wa Kobero au Mugina nao hulikuta neno hili kwenye mikopo.

Nilishuhudia kisa kimoja Buyenzi, mtaa wa Waswahili. Mama muuza vitenge, aliyekulia ukimbizini, alimuuliza mteja habari za deni. Mteja akajibu kwa mkato, "Amahera, ejo," akaenda zake. Mama akaelewa kwamba fedha zitakuja kesho. Kumbe mteja alisema jana: alikwisha kumkabidhi fedha binti wa dukani. Walipokutana tena maneno yakawa makali, hadi binti alipoitwa kutoa ushahidi.

Neno lenyewe halina hatia. Msemaji wa Kirundi huitambulisha siku kwa kitenzi. "Amahera nzoyazana ejo" maana yake fedha nitazileta kesho. Ile "-zo-" ndiyo "-ta-" yetu. "Amahera nayazanye ejo" maana yake fedha nilizileta jana. Mwisho wa "-ye" unaonyesha kwamba jambo limekwisha. Ukiondoa kitenzi, "ejo" haina upande.

Anayetaka kukata shaka kabisa husema "ejo haheze", yaani ejo iliyokwisha, au "ejo hazoza", ejo itakayokuja. Hiyo "ha-" ni ndugu wa "pa-" ya Kiswahili, kama katika "mahali pazuri". Ni kana kwamba Kirundi kinaiona siku kama mahali: pamoja tumepaacha nyuma, pengine hatujapafikia.

Wala si Kirundi peke yake. Kihindi nacho husema "kal" kwa jana na kwa kesho, na huko pia kitenzi ndicho hutoa hukumu. Wenye lugha hiyo wamefanya biashara karne na karne bila kupotezana.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiambiwa fedha ni "ejo", usiondoke kabla hujasikia kitenzi. Kisiposemwa, uliza: haheze au hazoza? Kisha andika tarehe katika daftari lako la madeni. Na mdeni akikuambia "hirya y'ejo", kaza masikio zaidi: hiyo yaweza kuwa juzi, na yaweza kuwa kesho kutwa.