Uchovu Usiokwisha Si Utegaji



Hakuna kikosi kisichomjua mtegaji. Ni yule ambaye zamu ya lindo ikifika huumwa tumbo, na siku ya kwata hupata homa. Mtegaji ni adui wa nidhamu, wala hatuna nia ya kumtetea. Lakini yuko askari mwingine ambaye aghalabu hutiwa katika fungu hilo pasipo haki. Huyo alikuwa hodari. Sasa huamka asubuhi akiwa amechoka kama kwamba hakulala. Viungo vyamwuma, maagizo humtoka akilini, na akijikaza kwa kazi ya siku moja, huenda akalala kitandani siku tatu. Hali hiyo ikidumu miezi, na vipimo visionyeshe ugonjwa mwingine, waganga huiita maradhi ya uchovu sugu.

Majeshi ya mataifa makubwa yamekwisha kupambana na jambo hili. Katika vita vya Ghuba vya mwaka 1991, Marekani ilipeleka askari wapatao 700,000. Baada ya vita, maelfu kwa maelfu kati yao walishikwa na maradhi yanayofanana sana na hayo: uchovu, maumivu na usahaulifu. Wengi waliambiwa kuwa ni hofu ya vita tu. Ilipofika mwaka 2008, kamati ya wataalamu iliyoundwa na serikali yao ilitamka kuwa maradhi hayo ni ya kweli, ikayahusisha na dawa za kuua wadudu na vidonge walivyomeza ili kujikinga na gesi ya sumu.

Je, tiba ya mazungumzo yafaa kitu? Katika tiba hiyo mgonjwa hukutana na mtaalamu kila juma. Hueleza siku zake zinavyokwenda, hufundishwa kugawa kazi na mapumziko, kutengeneza usingizi wake, na kuzitambua fikra zinazomvunja moyo. Mwaka 2003 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanyiwa askari 1,092 wa vita vya Ghuba. Katika kila 100 waliopata matibabu ya kawaida tu, wapatao 12 walipata nafuu katika uwezo wa mwili wa kufanya kazi. Katika kila 100 waliopata tiba ya mazungumzo, walikuwa wapatao 18. Maumivu hayakupungua kwa kiasi cha kutajika. Basi faida ipo, lakini ni ndogo.

Huko Uingereza yalizuka mabishano makali zaidi. Mwaka 2011 yalichapishwa majaribio yaitwayo PACE, ya wagonjwa 641 wa uchovu sugu. Wenye majaribio walidai kuwa mazungumzo pamoja na mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua yanaleta nafuu, na baadaye wakasema kuwa huponya baadhi ya wagonjwa. Wagonjwa walipinga. Ilidhihirika kuwa vipimo vya kumhesabu mtu kuwa amepona vilikuwa vimelegezwa majaribio yakiwa yamekwisha kuanza. Takwimu zilitolewa mwaka 2016 kwa amri ya baraza la sheria, na zilipopimwa kwa kipimo cha awali, idadi ya waliopona ilipungua mno. Mwaka 2021 taasisi ya NICE, inayotoa mwongozo wa tiba nchini humo, iliyaondoa mazoezi hayo ya kuongezwa. Tiba ya mazungumzo iliruhusiwa kama msaada wa kuishi na maradhi, wala si dawa ya kuyaponya.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wako wasemao kwamba, kwa kuwa mgonjwa amesaidiwa na mazungumzo, basi ugonjwa wake ulikuwa wa mawazo tu. La hasha! Askari aliyekatwa mguu na bomu la kutegwa ardhini naye hufarijika akizungumza na mtaalamu. Lakini nani atathubutu kusema kuwa mguu wake ulikatika mawazoni?

Yawapasa basi makamanda, masajini na wakuu wa vituo wasihukumu kabla ya kupima. Askari aliyekuwa na rekodi njema akilegea ghafula, njia yake ya kwanza ni zahanati, wala si kwata ya adhabu. Apimwe malaria, kifua kikuu, upungufu wa damu, kisukari na mengineyo, kwani mengi ya hayo yana dawa. Ikithibitika kuwa ni uchovu sugu, kumkimbiza uwanjani kwaweza kumwongezea maradhi. Apewe kazi zinazolingana na nguvu zake, na mtu wa kumsikiliza.

Nawe askari unayeumwa, usione haya kusema. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Silaha mbovu hupelekwa kwa fundi, haipigwi mateke. Je, askari ana thamani ndogo kuliko bunduki yake?