Akina de Souza: Jina Moja, Koo Chungu Nzima

Mwaka 1589 kundi la merikebu za vita lilipita mbele ya mlango wa Mto Tana likipanda kaskazini kuelekea Lamu na Pate. Amiri wake aliitwa Tomé de Sousa Coutinho. Alikuwa ametumwa kutoka Goa na ndugu yake wa damu, Manuel de Sousa Coutinho, gavana wa Wareno kule India, aje kuwatia adabu watu wa pwani waliompokea Mturuki Mir Ali Bey. Mombasa alikwisha kuivunja. Mir Ali Bey alikuwa mateka, na Wazimba waliokuwa wakivizia upande wa bara walivuka wakawamaliza waliosalia kisiwani. Zamu ya kaskazini ilipofika, mfalme wa Lamu alikatwa kichwa, mji wa Manda ukabomolewa na minazi yake ikafyekwa.

Hakuwa de Sousa wa kwanza kuuona ufuo huu. Mwaka 1542 Martim Afonso de Sousa, akienda Goa kushika ugavana, alitia nanga Malindi, na ndani ya merikebu yake alikuwamo padri Mhispania, Francis Xavier, ambaye Wakatoliki leo wanamwita mtakatifu. Wala de Sousa hawa hawakuwa watu wa kupita upande mmoja tu wa dunia. Martim Afonso huyo huyo, miaka kumi kabla, alikuwa Brazili akianzisha makazi ya São Vicente. Mwenzake mwingine, Tomé de Sousa, ndiye gavana mkuu wa kwanza wa Brazili, aliyeujenga mji wa Salvador mwaka 1549. Msomaji akimchanganya na yule Tomé wa Mombasa hatakuwa na kosa. Na asidhani kwa Manuel ndiko salama: wakati gavana Manuel de Sousa Coutinho akiagiza vita kutoka Goa, kulikuwa na Manuel de Sousa Coutinho mwingine Ureno, kijana ambaye baadaye aliingia utawani, akaitwa Frei Luís de Sousa, akawa mmoja wa waandishi wanaosifiwa sana kwa Kireno chao.

Asili ya jina ni mto. Sousa ni mto mdogo kaskazini mwa Ureno, na watu wenye ardhi kandokando yake ndio waliojiita hivyo kwanza. Wahispania wanaliandika Sosa. Mwimbaji Mercedes Sosa wa Argentina na mchezaji besiboli Sammy Sosa wa Jamhuri ya Dominika wamelibeba kwa tahajia hiyo. Mwaka ule wa 1589 tofauti ya Ureno na Hispania ilikuwa ndogo kuliko tunavyofundishwa shuleni, maana tangu 1580 hadi 1640 mataji yote mawili yalikuwa juu ya kichwa kimoja. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1593, ilijengwa kwa amri ya mfalme Felipe aliyekaa Hispania. Kwa hiyo tukisema jina hili ni la Kihispania, Mreno atakunja uso; tukisema ni la Kireno, merikebu za mfalme wa Madrid zitatusuta.

Jambo linalonishughulisha ni jinsi jina la mto mmoja mdogo lilivyowafikia watu wasio na tone la damu ya huko. Huko Goa, mtu aliyebatizwa aliacha jina lake la Kikonkani na kuchukua la msimamizi wake wa ubatizo, au la padri, au la mkubwa wa serikali aliyekuwa na hadhi mwaka huo. Kijiji kizima kiliweza kutoka kanisani kikiwa na jina moja. Ndiyo maana Wagoa wanaitwa de Souza, Fernandes, Pinto, Pereira, Mendonça, na hao de Souza wawili wanaokutana kwenye arusi ya watu hawana haja ya kuulizana undugu. Wataulizana kijiji.

Sasa nipande mto kidogo. Ngao iko ukingoni mwa Tana ya chini, si mbali na Tarasaa, katika nchi ya Wapokomo wa mpunga, ndizi na maembe. Misheni ya Neukirchen ya Wajerumani ilifungua kituo hapo mwaka 1887, na jina linalokumbukwa ni la Ferdinand Würtz, aliyejifunza Kipokomo, akakiandikia sarufi na kamusi, na kutafsiri Agano Jipya. Kazi ya Wajerumani Ngao ilikuwa kubwa: kanisa, shule, tiba. Kwa majina, hata hivyo, walikwenda njia isiyokuwa ya Goa. Walitoa jina la Biblia, wakaishia hapo. Aliyebatizwa akawa Yuda, Yona, Samueli au Marko, na nyuma yake likabaki jina lile lile alilopewa na babu yake: Komora, Buya, Jilo, Galana. Hakuna aliyetoka kwenye maji ya ubatizo akiitwa Würtz.

Unaona hilo hata kwa watu wakubwa waliotoka bonde hili. Yuda Komora, Mpokomo aliyefika kuwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kenya, ana Biblia upande mmoja na Tana upande wa pili. Danson Buya Mungatana, mbunge wa Garsen tangu 2002 hadi 2013 na seneta wa Tana River tangu 2022, ana Kiingereza mbele na Kipokomo nyuma mara mbili. Na Mzee Meza Moroa Galana, ambaye anatajwa kuwa ndiye aliyetoa bembelezo la Kipokomo lililogeuka sauti ya wimbo wa taifa mwaka 1963, hana hata chembe ya misheni katika majina yake. Galana lenyewe kwa jirani zetu Waorma ni mto. Mreno wa Sousa angemwelewa mara moja.

Ila usidhani kwa sababu hiyo mambo ya Ngao ni mepesi. Jina la Kipokomo halikuundwa kuwa jina la ukoo. Mtoto hurithi jina la babu, na baba yake humfuata nyuma kama kitambulisho: Jilo wa Komora, Komora wa Buya. Mhudumu wa hospitali akitoka mlangoni na kadi mkononi akaita "Jilo!", wanaweza kuinuka wazee wawili na mtoto mmoja aliyebebwa mgongoni. Ataongeza la baba, atabaki mmoja na nusu. Ataongeza la babu, hapo ndipo mwenye kadi atajulikana. Mfumo huo unafanya kazi vizuri mno mradi watu wote wanajuana.

Taabu huanzia kwenye fomu. Serikali ya mkoloni iliturithisha kisanduku kinachotaka jina la ukoo, na karani wa usajili hana subira ya kusikia habari za babu. Mzee anaandikisha mtoto wa kwanza kwa jina la baba, wa pili anaandikishwa na mjomba kwa jina la babu, wa tatu na mwalimu mkuu wa shule kwa majina mawili tu kwa sababu mstari ulikuwa mfupi. Miaka ishirini baadaye watoto wa tumbo moja wana majina matatu tofauti kwenye vitambulisho. Huko Goa watu wasio ndugu wana jina moja. Huku kwetu ndugu hawana jina moja. Yote mawili ni kazi ya karani, mmoja wa kanisa na mwingine wa boma.

Na makarani wa boma, kwa muda mrefu wa ukoloni, walikuwa Wagoa. Waingereza waliwapenda kwa hati zao nzuri na Kiingereza chao, wakawatawanya kila wilaya, kutoka pwani hadi mpaka wa kaskazini. Makao ya wilaya ya Tana yalikuwa Kipini, mdomoni mwa mto, kabla ya kuhamia Hola. Anayetaka kujua maisha yale atafute kitabu cha Mervyn Maciel, Mgoa aliyefanya kazi hiyo katika wilaya za kaskazini. Kilitoka mwaka 1985 na anakiita *Bwana Karani*. Kichwa hicho peke yake kinakuonyesha alivyoitwa na watu, na kwamba hakukasirika.

Nairobi jina de Souza lilijulikana kwanza kwa tiba. Dk. A.C.L. de Souza na mkewe, Dk. Mary de Souza, walikuwa madaktari katika mji uliokuwa bado na mabati zaidi ya mawe, na bwana huyo aliketi katika Baraza la Kutunga Sheria akiwasemea Wahindi walionyimwa haki za walowezi. Katika michezo, Reynolds D'Souza aliichezea Kenya mpira wa magongo kwenye Olimpiki, zama ambazo timu yetu ilikuwa ya kuogopwa. Mwaka 1964 kule Tokyo ilimaliza ya sita. Kikosi cha miaka ile kilikuwa na akina Fernandes wengi hata mtangazaji lazima alikuwa akihema, lakini hao nao wanastahili makala yao.

De Souza ninayemweka mbele ya wote ni Fitz. Alizaliwa Bombay mwaka 1929, akasoma sheria London, na alirudi Kenya kijana mdogo wakati hali ya hatari ikitangazwa. Kesi ya Kapenguria ilipoanza mwishoni mwa 1952, Jomo Kenyatta na wenzake watano walihitaji mawakili ambao hawangeogopa gavana. D.N. Pritt alitoka Uingereza kuongoza, Dudley Thompson ambaye ni Mjamaika akajiunga, H.O. Davies akaja kutoka Nigeria, Chaman Lall kutoka India, na Nairobi ikatoa Achhroo Kapila, Jaswant Singh na huyu Fitz de Souza wa miaka ishirini na kitu. Kapenguria ilikuwa mbali makusudi. Mawakili walilala Kitale na kupanda vumbi kila siku kwenda kwenye darasa lililofanywa mahakama. Walishindwa, kama ilivyopangwa washindwe. Lakini miaka michache baadaye Fitz alikuwa Lancaster House na ujumbe wa Waafrika, na Kenya ilipopata uhuru akawa Naibu Spika wa Bunge.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Pio Gama Pinto, mzaliwa wa Nairobi, ambaye Waingereza walimkamata mwaka 1954 wakamfungia kisiwa cha Manda. Ni Manda hiyo hiyo ambayo Tomé de Sousa Coutinho aliifyeka minazi. Pinto alikuwa na jina la Gama, kama yule mwenye nguzo ya Malindi, na maisha yake yote aliyatumia kupinga ukoloni wa Mwingereza hapa na wa Mreno kule Goa. Alipigwa risasi mbele ya nyumba yake Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Fitz aliishi hadi Machi 2020, na mwaka mmoja kabla ya kufariki kumbukumbu zake zilichapishwa kitabuni. Mimi huwa nasikia watu wakiwaita Wagoa "Wareno weusi", kana kwamba jina ndilo rangi ya moyo. Ningewaomba wasome habari za hawa wawili kwanza.

Jina hili limebeba na uchafu wake pia. Francisco Félix de Souza alizaliwa Salvador, mji ule ule wa Tomé wa Brazili, akavuka bahari hadi Ouidah katika Benin ya leo na kuwa mmoja wa wafanyabiashara wakubwa kabisa wa watumwa, mshirika wa Mfalme Ghezo wa Dahomey. Alikufa mwaka 1849. Cheo chake cha Chacha bado kinarithiwa katika familia hiyo hadi leo. Lakini nchi hiyo hiyo iliongozwa kwa miezi kadhaa, Desemba 1969 hadi Mei 1970, na Paul-Émile de Souza. Na mkutano mkuu wa taifa wa Februari 1990, ule uliomaliza utawala wa chama kimoja bila damu kumwagika, ulisimamiwa na askofu Isidore de Souza. Biashara ya mauti na amani ya taifa, na jina lilelile mlangoni.

Hapa Kenya akina de Souza wengi waliondoka kati ya mwisho wa miaka ya 1960 na ya 1970, baada ya ajira za boma kupewa wananchi na Uingereza kuanza kufunga mlango kwa sheria ya 1968. Walikwenda London, wakaenda Toronto. Walipofika huko jina lao halikuwapa shida: karani aliona jina la ukoo, akaliandika. Kijana wa Ngao anayekwenda huko leo hana bahati hiyo. Anaitwa Bwana Komora, yaani anaitwa kwa jina la baba yake, na barua zake zinakuja kwa jina la baba yake. Akimwalika ndugu yake, ubalozi unauliza kwa nini huyu ni Komora na yule ni Buya, na wote wanadai mama mmoja. Basi mzee wa kijiji anatafutwa, chifu anaandika barua, wakili wa Garsen au Malindi anagonga muhuri kwenye hati ya kiapo, na ada inalipwa.