Sentensi za kukariri

Kaye ya mwanafunzi ilikuwa na wino mwekundu mwingi kuliko wa bluu, lakini hakuna mahali mwalimu alipoandika kwamba mwanafunzi amekosea. Alipiga mstari tu chini ya kila sentensi aliyokwisha kuisoma kwa mwanafunzi mwingine. Utangulizi wote ulikuwa mwekundu: tangu kuumbwa kwa ulimwengu mwanadamu anatafuta amani, na kadhalika. Ukurasa wa pili ndipo palipobaki sentensi tatu safi, kuhusu bomba la maji la mtaani na foleni ya madumu inayoanza watu wangali wamelala.

Mwenye wino huo anafundisha Kifaransa na Kilatini katika shule moja ya Kadutu, mjini Bukavu. Aliomba nisimtaje jina. Anawaandaa wafinalisti wa sehemu ya Latin-Philo kwa Exetat, mtihani wa taifa wa Kongo wa kumaliza sekondari, ulioanza mwaka 1967 na ambao kila nyumba ya Bukavu inaujua: siku nne za kuchagua jibu na kutia alama. Disertasio, yaani insha, hufanywa mapema, kabla ya siku hizo, na wengi huichukulia kama kionjo tu. Yeye anaona ndiyo mara pekee Serikali inampa kijana karatasi tupu na kungoja maneno yake mwenyewe. Kijana naye anakuja na utangulizi wa kukariri, unaofaa kwa mada ya ndoa, ya misitu, ya vita. Lakini mada ya vita mwalimu hajaitoa tena darasani tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini. Sikumchimba zaidi.

Wazazi wakimbishia kwamba Latin-Philo haina faida, humtajia daktari Denis Mukwege, mshindi wa Nobel ya Amani, ambaye diploma yake ya mwaka 1974 ilikuwa ya biokemia. Mwalimu hucheka, maana mfano huo ni wake pia. Huko Oslo, Desemba 10, 2018, alipopokea tuzo hiyo, daktari alisimulia usiku wa mwaka 1996 hospitali yake ya Lemera iliposhambuliwa, kisha akaitaja ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu uhalifu uliofanywa Kongo, inayoota ukungu ndani ya droo ya ofisi New York. Droo ile, anasema mwalimu, haimo katika somo lolote la kemia.

Hoja tamu, ila haikunitosha. Kama mtu wa biokemia aliiona droo, Kilatini cha nini? Akakubali kwamba hana uhakika. Anachojua ni kuwa kijana aliyehangaika saa nzima na mstari mmoja wa Cicero hujifunza kulitilia shaka neno la kwanza linalomjia.

Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019; ya sekondari mzazi bado analipa, na alipaye ndiye achaguaye. Nilimuuliza mwalimu binti yake yuko sehemu gani. Biokemia. Mama yake ndiye aliyeamua, kwa kuwa ada inatoka kwenye meza yake ya sambaza, wale samaki wadogo, sokoni.